Rotax, Jabiru, Volkswagen au Continental: ndege ya kujijengea uifunge injini ipi?

Wanaojijengea ndege wengi wanaanza na mkia, ndio boksi la kwanza la kit (seti ya vipande vya kuunganisha) kufika, na hapo injini bado iko mbali kabisa kwenye mawazo. Ila ukishafika sehemu ya mbele ya bodi lazima uwe umeamua tayari, maana fremu ya kushikia injini, boneti, mipira ya mafuta, mahali pa betri na hata sehemu uzito wa ndege unapobalansi vyote vinategemea umechagua nini. Kubadilisha mawazo baada ya hapo ni kubomoa. Na ukiuliza watu utapewa ushabiki mtupu, mwenye Rotax atakwambia Rotax, mwenye Volkswagen atakwambia wenzake wanatupa hela.

Mi nitazilinganisha nne ambazo ndio zinashindana kwenye ndege ya viti viwili ya kujengewa gereji: Rotax 912 ULS ya Austria, Jabiru 2200 ya Australia, Volkswagen ya Beetle iliyogeuzwa kuwa ya ndege (nitatumia AeroVee ya Sonex, kampuni ya Marekani ya ndege za kujijengea, kama mfano), na Continental O-200 ya Marekani, ile ile iliyoko kwenye Cessna 150, kindege cha mafunzo cha viti viwili. Zingine nitazigusa kidogo tu.

Tuanze na namba za kwenye karatasi. Rotax ina cc 1352 na inatoa hp (nguvu za farasi) 100 ikizunguka mara 5800 kwa dakika. Jabiru ina cc 2200 hivi, inatoa 85 kwenye 3300. AeroVee ni cc 2180, hp 80 kwenye 3400. Continental ni li-injini la cc karibu 3300, linatoa hp 100 kwenye 2750 tu. Zote nne zina silinda nne zilizolala, mbili kushoto mbili kulia, na zote ni foo-stroki. Uzito ikiwa imefungwa na kila kitu chake, Jabiru ndio nyepesi, kilo sitini na kitu, Rotax na VW zinacheza kwenye sabini na kitu, Continental inakaribia tisini au inapita kutegemea umeifunga na starta gani na alteneta gani.

Sasa mtu akiona Rotax hp 100 na VW hp 80 anasema tofauti ni ishirini tu, bei ni zaidi ya mara mbili, kwahiyo nachukua VW. Hapo ndio watu wengi wanapotea, maana hp peke yake haivuti ndege. Inayovuta ni propela, na propela ina masharti yake.

Ncha ya propela haitakiwi kukaribia mwendo wa sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, ikikaribia inapiga kelele kubwa na kuvuta kunapungua. VW na Jabiru hazina giaboksi, propela imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, kwahiyo injini ikizunguka 3400 na propela inazunguka 3400. Ukiwa na propela ya mita 1.37 toka ncha hadi ncha, ncha yake inakimbia kama mita 244 kwa sekunde, hiyo ni sawa. Jaribu kuweka ya mita 1.73 uone, inafika 308, hapo tayari umeharibu. Rotax yenyewe ina giaboksi ya 2.43 kwa 1, injini ikiwa inalia 5800 propela iko 2387 hivi, na ile ile ya mita 1.73 inakwenda mita 216 tu kwa sekunde, raha mustarehe.

Kwanini hili ni kubwa hivyo? Kwasababu propela ndefu inayozunguka taratibu inavuta vizuri sana ndege ikiwa bado iko polepole, yaani pale unapoanza kukimbia kwenye kiwanja na unapopanda. Propela ndogo ya haraka inakuja kuwa nzuri ndege ikishakuwa na mwendo. Kwahiyo ndege nyembamba inayokimbia kama Sonex inaenda fresh na VW, ilibuniwa kwa ajili hiyo. Chukua sasa injini hiyo hiyo uifunge kwenye Zenith CH 701 au Savannah, ndege zenye bawa nene la kuruka na kutua kwenye kipande kifupi cha nyasi, hapo hp zako 80 zinageuka kama 60, na walioijenga wanabaki kulaumu bawa. Kwa ndege ya namna hiyo Rotax haina mpinzani, na sio kwa sababu ya zile hp 20, ni kwa sababu ya giaboksi.

Halafu kuna suala la mwinuko, na hili kwa sisi wa Afrika Mashariki ni la kwanza kabisa. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza nguvu kadri hewa inavyokuwa nyepesi. Kiwanja cha Wilson Nairobi kiko futi 5,500 na kitu juu ya bahari, cha Arusha kama 4,550. Siku ya kawaida ya nyuzi 25 pale Wilson hewa inakuwa kama ya futi 8,000, na kwenye hewa hiyo injini yoyote kati ya hizi nne imeshaacha karibu robo ya nguvu yake njiani. Hp 100 inabaki sabini na tano hivi, na 80 inabaki sitini. Weka watu wawili wazima na mafuta nusu tenki uone kupanda kunakuwaje. Kwahiyo mtu wa Dar, Tanga au Mombasa na mtu wa Nairobi, Arusha au Iringa wakiuliza swali moja wasipewe jibu moja. Wenye mfuko wanaoishi juu wanaenda Rotax zenye tabo, 914 ya hp 115 au 915 iS ya hp 141 ambayo inashika nguvu yake hadi futi 15,000, ila hapo bei imeshakuwa mziki mwingine. Sling 4, ndege ya viti vinne ya Afrika Kusini, ilifungwa 914, na mwaka 2019 kikundi cha vijana wa kule waliijenga wenyewe wakatoka nayo Cape Town mpaka Cairo.

Mafuta. Avgas, petroli maalumu ya ndege, huku kwetu ni mtihani, haipo kila kiwanja na ikiwepo bei imechangamka. Rotax ULS ilitengenezwa kutumia petroli ya gari isiyo na risasi, inataka oktani 95, kwahiyo kabla hujafurahi angalia kituo chako kinauza oktani ngapi kwelikweli, maana iliyoandikwa kwenye pampu na iliyoko kwenye tenki la chini mara nyingine haviongei lugha moja. Rotax ndogo ya hp 80, ile 912 UL, ina mkandamizo mdogo na inaridhika na oktani 90, kwa mtu wa mikoani hiyo ni faida ambayo watu hawaipi uzito. Ukilazimika kutumia Avgas kwenye Rotax inakubali tu, ila risasi inaacha uchafu ndani ya tenki la oili na kwenye giaboksi, unamwaga oili kila saa 50 badala ya 100.

Continental ni kinyume. Ilizaliwa enzi za mafuta ya oktani 80, Avgas ya leo ina risasi nyingi kuliko inavyoitaka na plagi zinachafuka, ndio maana utaona wenye Cessna 150 wanasafisha plagi za chini kila wakati. Petroli ya gari inaikubali, tangu 1982 chama cha wajenzi wa ndege cha Marekani EAA kilipata kibali cha kuitumia kwenye Cessna 150, sharti tu isiwe na ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye petroli. Jabiru na VW nazo zinakunywa petroli ya gari, kila moja na oktani yake, soma kitabu cha injini usiulize jirani.

Kwenye ulaji tofauti sio kubwa kama watu wanavyodai. Ukiwa unasafiri kawaida Rotax inakula kama lita 18 kwa saa, Jabiru na VW kama 15 au 16, Continental 20 na kidogo. Kwa anaeruka saa mia moja kwa mwaka hiyo ni lita mia mbili tatu za tofauti kati ya Rotax na Continental, haiwezi kulipia pengo la bei ya kununua. Tofauti ya kweli ni kama unaweza kuingia sheli na madumu au unategemea bauza ya Avgas.

Uhai wa injini sasa. Rotax mpya ina saa 2000 au miaka 15 kabla ya ovahoo (kufumuliwa na kukarabatiwa yote), kinachotangulia. Continental saa 1800 kwenye O-200 ya kawaida. Hizo ni namba za kiwanda na watu wanazifikia kweli. Lakini Rotax ina ratiba yake inayokera: mipira yote, ya maji, ya mafuta, ya oili, inabadilishwa kila miaka mitano hata kama ndege imekaa tu kwenye banda, kabureta zake mbili zinatakiwa kuwa zinavuta sawa la sivyo injini inatetemeka na kula giaboksi, na vile viboya vya ndani ya kabureta vimewahi kuwa na tatizo la kunyonya petroli na kuzama. Hata kuangalia oili ina utaratibu wake, unazungusha propela kwa mkono mpaka usikie tenki linatoa sauti ya kucheua ndio unapima, usipofanya hivyo kipimo kinakudanganya. Fundi wa Cessna ambaye hajawahi kuiona Rotax ataipenda siku ya kwanza na kuiharibu siku ya pili. Rejeta, maji, kabureta mbili, giaboksi, kwake ni kama amepewa pikipiki kubwa.

Continental yenyewe fundi yeyote wa Wilson au Arusha anaijua kwa macho yamefungwa. Inapozwa na hewa, haina maji, haina giaboksi, ina magneto mbili zinazojitegemea, zinazojitengenezea umeme wa plagi, betri ikifa angani injini haijui. Kasoro yake kubwa ni barafu ya kabureta, na usicheke kwamba Pwani hakuna barafu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi na nyuzi 25, ukipunguza moto, yaani nguvu ya injini, ili ushuke, petroli inavyofuka ndani ya kabureta inapoza mpaka maji ya kwenye hewa yanaganda pale pale. O-200 inajulikana sana kwa hilo. Kuna kishikio cha kuingiza hewa ya moto, kivute mapema kabla hujapunguza nguvu.

Jabiru naisemea kwa uangalifu. Kwa muundo naipenda kuliko zote, nyepesi, laini, imechongwa kwa mashine toka kwenye chuma kigumu na aluminiamu pale Bundaberg, Queensland, na haina vikorokoro. Ila Desemba 2014 mamlaka ya anga ya Australia, CASA, iliziwekea masharti ndege zote zenye injini za Jabiru kwa sababu zilikuwa zinazimika kupita kiasi: ziruke mchana tu, zisipite juu ya makazi ya watu, na abiria asaini kwamba anajua anapanda nini. Matatizo yalikuwa zile bolti ndefu zinazofunga silinda kukatika, na valvu za ekzosti. Mwaka 2016 masharti yakaondolewa kwa injini ambazo hazijafanyiwa marekebisho ya kienyeji na zinatunzwa kwa kufuata kiwanda, na matoleo mapya yalibadilishwa sana. Kwahiyo ukiambiwa Jabiru ya bei nzuri inauzwa mahali, swali la kwanza ni ya toleo gani, la pili ni bolti zilishabadilishwa lini na kwa karatasi ipi. Na joto la hedi ndio adui yake, boneti ikijengwa hovyo ukaenda kuifundishia watu kutua na kuruka, kutua na kuruka, mchana wa jua la Dodoma, utaila ndani ya msimu mmoja.

VW ndio ya mtu mwenye mikono. Historia yake ni ndefu, Wafaransa wa Jodel waliirusha D9 yao ya kiti kimoja 1948 na baadae wajenzi wengi wa ndege hiyo wakaifunga injini ya Volkswagen. AeroVee inakuja kwenye maboksi, unaifunga mwenyewe toka kranki mpaka kabureta, na hilo lina faida ambayo haiandikwi kwenye bei: ikianza kulia vibaya unajua kilichoko ndani kwasababu we ndio ulikiweka. Bei yake ni chini ya nusu ya Rotax mpya, ambayo siku hizi inavuka dola 20,000 hata haijapanda meli. Tatizo ni hedi. Hedi ya Beetle ni ndogo, ilibuniwa kupoza injini ya gari ya hp arobaini hamsini, unaweza kuichukua hp 80 kwa dakika chache za kuruka lakini ukiing'ang'ania kwa saa nzima valvu za ekzosti zinaungua. Ukweli wake wa muda mrefu ni kama hp 60. Kwahiyo utarekebisha valvu mara kwa mara, na baada ya saa mia kadhaa hedi zinashuka. Ukikubali hayo ni injini nzuri, ukitaka kuifananisha na Rotax utaumia.

Tu-stroki, ile ya kuchanganya oili? Rotax 582 ilikuwa na hp 65 kwa uzito mdogo sana, na kiwanda chenyewe kilitaka ifunguliwe kila saa 300, na kwenye kitabu chake kimeandika wazi kwamba injini hii inaweza kuzima ghafla. Wameshaacha kuizalisha. Kwa ndege ya kiti kimoja juu ya mbuga tambarare ambapo unaweza kutua popote, sawa. Kuvuka nayo kwenda Zanzibar, hapana, usinipigie simu.

Na kuna wale wa injini ya gari au ya bodaboda, maana kila mwaka taarifa ya habari inatuonyesha kijana na ndege yake uwanjani. Nawaheshimu, ila boda ya cc 150 inatoa hp 12 hivi, haimnyanyui mtu mzima na bawa la bati. Ya gari nguvu inayo, lakini gari barabarani linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake, ndege inakaa asilimia 75 kwa masaa. Halafu inataka giaboksi ya kupunguza mzunguko, na mitikisiko ya kujikunja ya kranki na propela ndio inavunja hizo giaboksi za kutengenezewa gereji. Wanaofanikiwa nazo wametumia muda mwingi kwenye injini kuliko kwenye ndege.

Kitu kingine cha kuweka kwenye hesabu ni karatasi. Kwa Marekani ndege ya kujijengea yenye injini na propela vilivyothibitishwa pamoja kwa kawaida inapewa saa 25 za majaribio bila abiria, isiyothibitishwa inapewa 40. Huku kwetu nenda TCAA au KCAA, mamlaka za anga za Tanzania na Kenya, kabla hujalipa hata senti, na uwaulize kwa maandishi aina ya injini wanayoikubali kwenye ndege ya kujengwa, maana ukishaleta kontena ndio uanze kuuliza umeshachelewa.

Mi ningechagua hivi. Ndege ya viwanja vifupi, nyasi, mwinuko mkubwa: Rotax 912 ULS, na kama hela haitoshi subiri, usishuke kwenda VW. Ndege nyembamba ya haraka, uko Pwani, unapenda kushika spana kuliko kuruka: VW bila wasiwasi. Bodi inayobeba uzito mbele na uko karibu na mafundi wa Cessna: Continental iliyotumika yenye historia nzuri, na hata Lycoming O-235, injini nyingine ya Marekani ya aina hiyo, iingie kwenye mazungumzo. Jabiru ningeinunua mpya tu, toleo la karibuni, na ningeweka kipima joto kwenye kila hedi sio moja.

Kwa anaenunua Continental au Lycoming ya mtumba, jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Lycoming ina kamshafti (shafti inayofungua valvu) juu ya kranki, ndege ikikaa miezi bila kuwashwa oili yote inashuka na kamshafti inabaki kavu, kwenye hewa ya chumvi ya Pwani inaota kutu na baada ya hapo inajisaga. O-200 kamshafti yake iko chini, inapata oili zaidi, inavumilia kukaa. Kwahiyo Lycoming yenye saa 600 iliyolala miaka kumi Mombasa inaweza kuwa mbovu kuliko yenye saa 1500 inayoruka kila wiki. Ukiangukia O-320 za Cessna 172 za mwisho wa miaka ya 70 zenye herufi H2AD, hizo zina ugonjwa wao wenyewe wa tapeti na kamshafti. Omba logbuku yote, pasua filta ya oili uangalie vumbi la chuma kwa sumaku, pima mkandamizo wa kila silinda injini ikiwa ya moto, na uliza wazi kama propela imewahi kugonga chini. Akianza kujiumauma kwenye hilo la propela, dai cheti cha injini kufunguliwa baada ya ajali, na kama hana hesabu bei yako ukiweka ovahoo nzima juu yake.